Barua ya wazi: Mmewahoji wanafunzi wetu na kuwapima wagonjwa wetu, mrejesho uko wapi?

Kwa:
Waganga Wakuu wa Mikoa,
Maafisa Elimu wa Mikoa, na
Viongozi wa taasisi za utafiti wa afya,
Nyanda za Juu Kusini.

YAH: MATOKEO YA TAFITI KUHUSU UVUTAJI SIGARA KWA WANAFUNZI NA UWEZO WA KUFIKIRI WA WAGONJWA WA SKIZOFRENIA

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa jijini Mbeya. Shuleni nimekabidhiwa ushauri nasaha, kwa hiyo mwanafunzi akikamatwa na sigara analetwa kwangu. Nyumbani ninaishi na mdogo wangu wa kiume, anayetibiwa ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia tangu alipougua akiwa kidato cha tano. Tafiti mbili zilizopita kwetu zimenigusa pande zote mbili: moja iliwahoji wanafunzi wangu kuhusu sigara, nyingine ilimpima mdogo wangu kumbukumbu na umakini.

Siandiki haya hadharani kwa kupenda. Nilianza na njia ya kawaida, barua yenye saini na namba ya simu, ikapokelewa na kugongwa muhuri. Upande wa elimu nikaambiwa utafiti ni mambo ya afya. Upande wa afya nikaambiwa mambo ya shule yaulizwe elimu. Watafiti wenyewe, ambao sitawataja kwa kuwa nia yangu si kumwaibisha mtu, walisema data bado zinachambuliwa, kisha simu ikaacha kupokelewa. Ndiyo maana leo nawaandikia wote kwa pamoja, asibaki wa kunielekeza kwa mwenzake.

Naomba nisieleweke vibaya. Watu wa Mbeya hatuogopi utafiti. Kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kimefanya kazi ya VVU na kifua kikuu hapa kwa miaka mingi, na wapo wananchi wa mkoa huu waliojitolea kuchomwa chanjo ya majaribio ya VVU katika tafiti za TaMoVac. Aliyetoa mkono wake uchomwe chanjo ambayo hakuna aliyejua kama itafanya kazi, huwezi kumwambia kwamba hathamini sayansi. Anachotaka ni kuambiwa mwisho wake ulikuwaje.

Hoja zangu ni hizi.

1. Wanafunzi walijibu, wao hawajajibiwa.

Dodoso lilijazwa ukumbini, kidato cha pili na cha tatu, madawati yametenganishwa kama siku ya mtihani. Liliuliza: umewahi kuvuta, hata kuonja tu? Nani alikupa? Nyumbani nani anavuta? Rafiki yako akikupa leo utakataa? Maswali mazuri kabisa, na mimi ningeyauliza hayohayo. Kijana mmoja alinyoosha mkono akataka kujua kama akiandika ukweli baba yake ataambiwa. Akahakikishiwa kuwa ni siri, majina hayaandikwi, na kwamba shule italetewa matokeo ya jumla ili iwasaidie wanafunzi. Kijana akainama akaandika. Huyo ameshamaliza shule, na matokeo hayajaja.

Azimio la Helsinki, lililopitishwa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1964 na kurekebishwa mara kadhaa, mara ya karibuni Oktoba 2024, linataka washiriki wa utafiti wa afya wapewe nafasi ya kujulishwa matokeo ya jumla. Kwa hiyo siombi hisani. Wala siombi majina au data ghafi. Naomba kurasa mbili za Kiswahili zinazosema: katika shule zenu hali ni hii, watoto wanaanza umri huu, sigara wanaipatia hapa. Nikiwa nazo najua nianze na kidato gani. Bila hizo nabahatisha.

2. Wagonjwa walipimwa, wakarudishwa nyumbani.

Hapa mniruhusu nikae kidogo, maana ndipo panaponiuma.

Mdogo wangu aliomba nikae naye wakati wa kipimo, na mtafiti, kijana mpole, akakubali. Alimsomea tarakimu azirudie kinyumenyume. Akampa karatasi yenye alama, kila alama na namba yake, ajaze haraka kabla muda haujaisha. Akamsomea orodha ya maneno ayakumbuke, na baadaye, mtu ameshasahau kabisa kwamba kulikuwa na orodha, akaulizwa tena. Mwisho akaambiwa ataje wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja. Akasema ng'ombe, mbuzi, kondoo, kuku. Akanyamaza. Akatazama dari. Akasema ng'ombe.

Huyu ni mtu aliyekuwa akisoma PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati. Tulipofika getini akaniuliza, "Dada, nimefaulu?" Sikuwa na jibu, kwa sababu hata mimi sikupewa.

Wengi wanadhani skizofrenia ni kusikia sauti na kuongea peke yako. Kwetu sauti zilishatulia muda mrefu. Kilichobaki ni hiki kilichopimwa siku ile. Nikimtuma dukani sabuni, mafuta ya kula na chumvi, anarudi na chumvi. Anabandika chai, anatoka kumsalimia jirani, sufuria inaungua. Konda akimrudishia chenji anaitazama mpaka abiria wanaguna. Si uvivu, si jeuri, na hajarogwa, ingawa shangazi yetu mmoja wa Tukuyu bado haamini. Ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, na mara nyingi huanza kuonekana hata kabla ya sauti. Nikikumbuka zile ripoti zake za shule, alama zilianza kushuka kabla hatujaona kitu kingine chochote, na walimu waliandika "aongeze bidii".

Madaktari wamelijua hili tangu enzi za Emil Kraepelin, Mjerumani aliyeuelezea ugonjwa huu mwishoni mwa karne ya 19. Miaka ya 2000 mradi wa Marekani uitwao MATRICS uliainisha maeneo 7 ya kupimwa: kasi ya kufikiri, umakini, kumbukumbu ya papo kwa papo, kujifunza kwa kusikia, kujifunza kwa kuona, kutatua matatizo, na kuelewa nia na hisia za wengine. Tafiti nyingi zimeonyesha kuwa haya ndiyo yanayoamua, kuliko hata zile sauti, kama mgonjwa ataweza kushika kazi na kujitegemea. Kwa maneno mengine, mlipima jambo lenyewe hasa linalotushinda nyumbani. Kisha mkafunga faili.

Dawa tunazopewa, yaani haloperidoli, klopromazini na sindano ya kila mwezi ya flufenazini, zinatuliza sauti na hofu, na kwa hilo namshukuru Mungu na wauguzi wetu. Ila kumbukumbu hazirudishi. Tena kidonge cha benzeksoli, kinachotolewa kuzuia kutetemeka na kukakamaa kunakoletwa na dawa hizo, kinajulikana kufifisha kumbukumbu. Wapo wanaoandikiwa kidonge hicho mwaka hadi mwaka bila mtu kuuliza kama bado wanakihitaji. (Wewe msomaji mwenye mgonjwa, usimwachishe kidonge kwa sababu ya barua yangu. Muulize daktari wake.)

Najua mtasema tusubiri dawa mpya ya kuimarisha kufikiri. Tutasubiri sana. Iklepertini ndiyo iliyokuwa ikitazamiwa, lakini Januari 2025 kampuni ya Boehringer Ingelheim ilitangaza kuwa majaribio ya awamu ya tatu hayakufikia lengo. Kilichopo leo ni kazi ya kukaa na mtu: mazoezi ya kufikiri yanayoongozwa na aliyefunzwa. Mwaka 2011 Til Wykes na wenzake walichambua tafiti 40 za mazoezi hayo wakaona yanasaidia, na yanasaidia zaidi yakiambatana na huduma ya kumrudisha mgonjwa kwenye kazi na maisha. Mwaka 2017 uchambuzi mwingine, ulioongozwa na Joseph Firth, ukaonyesha kuwa hata mazoezi ya viungo ya kutoa jasho yanaongeza uwezo wa kufikiri kwa wagonjwa hawa. Hilo halihitaji mashine kutoka ng'ambo. Linahitaji uwanja, kiongozi na ratiba, na viwanja tunavyo.

3. Sigara na ugonjwa huu vinakutana mtaani kwetu, ofisini kwenu havikutani.

Nje ya uzio wa shule kuna kibanda. Kina vocha, ubuyu, karanga, na pakiti ya sigara iliyofunguliwa juu ya ndoo ya pipi. Kiberiti cha gesi kinaning'inia msumarini kwa kamba ya kiatu, ili mteja awashe palepale asiondoke nacho. Fegi zinauzwa mojamoja, na mtoto anaipata kwa nauli yake ya daladala. Mdogo wangu naye ni mteja pale. Nimewahi kumkuta amesimama na wanafunzi wangu, kila mmoja na yake mkononi, wanapiga soga kuhusu Simba na Yanga. Siku ile nilielewa kuwa hizi si tafiti mbili.

Mwaka 2015 watafiti wa King's College London walichapisha uchambuzi ulioonyesha kuwa kati ya watu waliopatwa na saikosisi (hali ya kusikia sauti au kuamini yasiyokuwepo) kwa mara ya kwanza, 57% walikuwa tayari wanavuta, na kwamba wanaovuta kila siku wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kuugua kuliko wasiovuta. Mwaka huohuo Kenneth Kendler na wenzake walitumia takwimu za Sweden wakaona mwelekeo huohuo. Je, sigara ndiyo inayoleta ugonjwa? Wanasayansi bado wanabishana, kwa kuwa huenda urithi uleule unamvuta mtu kwenye sigara na kwenye ugonjwa pia. Sitawaambia wanafunzi kwamba fegi moja italeta skizofrenia. Ni uongo, na kijana akikukamata kwa uongo mmoja, na ukweli wako wote ameutupa. Lakini hata ubishi huo ungetosha kuwafanya watu wa shule na watu wa kliniki wakae meza moja.

Kwa aliyekwisha kuugua mambo ni wazi zaidi. Uchambuzi wa mwaka 2005 uliokusanya tafiti za nchi 20 ulikuta kwamba kwa wastani wagonjwa 62 katika kila 100 wa skizofrenia wanavuta. Nikotini humchangamsha mtu umakini kwa muda mfupi, kisha arosto inarudi naye anatafuta nyingine. Na moshi wenyewe, wala si nikotini, huchochea kimeng'enya cha ini kinachovunja dawa kama olanzapini na klozapini, kwa hiyo dawa inapungua mwilini. Mgonjwa akiacha sigara ghafla, dawa ileile inapanda. Maana yake daktari asiyejua kama mgonjwa anavuta anakisia dozi. Kadi ya kliniki ya mdogo wangu imeandikwa uzito, presha na tarehe ya kurudi. Sigara haimo.

Niliwahi kumuuliza mtoa huduma mmoja, akanijibu kwa huruma kabisa: "Mwache avute, dada, ndiyo starehe iliyobaki." Nimelisikia jibu hili mara nyingi na sasa nalipinga waziwazi. Shirika la Afya Duniani linasema wenye magonjwa makali ya akili hufa miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wengine, wengi wao kwa magonjwa ya mwili kama ya moyo. Huruma gani hiyo? Wala si kweli kwamba kuwasaidia kuacha kutawavuruga. Jaribio la EAGLES la mwaka 2016 lilihusisha watu zaidi ya 8,000, nusu yao wakiwa na ugonjwa wa akili uliotulia, na dawa za kuachia sigara hazikuonekana kuongeza kwa kiwango cha maana matatizo ya akili ukilinganisha na vidonge visivyo na dawa. Kama dawa hizo hazifiki kliniki zetu, ushauri haununuliwi Bohari ya Dawa.

4. Semina ya siku moja si kinga.

Kila mwaka wanakuja wageni na picha ya pafu jeusi. Watoto wanapiga kelele, wanapiga makofi, wageni wanapiga picha, tunagawiwa soda. Jioni kibanda kimejaa.

Tusijidanganye kwamba darasa peke yake linatosha. Katika jimbo la Washington, Marekani, mradi wa Hutchinson uliwafuatilia wanafunzi zaidi ya 8,000 kuanzia darasa la tatu hadi baada ya kumaliza sekondari, kwa mtaala mrefu ulioandaliwa vizuri, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yakaonyesha hakuna tofauti. Kilichofanya vizuri zaidi ni kingine. Jaribio la ASSIST huko Uingereza na Wales, lililochapishwa mwaka 2008, lilihusisha shule 59 na wanafunzi 10,730 wa miaka 12 na 13. Wanafunzi wenyewe walitaja wenzao wanaowasikiliza, hao wakafunzwa nje ya shule, kisha wakaachwa wazungumze na rafiki zao kawaida, njiani na wakati wa mapumziko, bila kuhubiri. Uwezekano wa kuwa mvutaji ulipungua kwa 22%.

Watoto wa kule si watoto wa Mwanjelwa wala Ilemi. Wetu wananunua mojamoja, wengine wanatoka Chunya ambako nyumbani kuna mabani ya kukaushia tumbaku, na msimu ukifika wanakosekana darasani. Ndiyo sababu nazihitaji data za hapa. Nawajua wale wanaosikilizwa na wenzao shuleni kwangu, na wengi si viranja.

5. Sheria ipo.

Sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku ni ya mwaka 2003 na inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku tuliuridhia mwaka 2007, na kifungu chake cha 16 kinazitaka nchi pia zijitahidi kuzuia uuzaji wa sigara mojamoja. Mama wa kibanda hajawahi kuambiwa hayo na mtu yeyote mwenye kitambulisho. Nilimwambia mimi, akaniuliza kama nimekuja kumfungia biashara.

Zipo sababu ambazo nazitarajia. Ya kwanza ni bajeti. Kurasa mbili za mrejesho hazigharimu kitu mbele ya gharama ya kukusanya madodoso, na mstari wa "sigara: ndiyo/hapana" kwenye kadi unaandikwa kwa kalamu. Ya pili ni kwamba tumbaku ni zao la biashara la mikoa yetu. Sijasema ing'olewe Chunya. Nimesema mtoto asiuziwe, wala asishikishwe majani mabichi yaliyolowa, maana nikotini hupenya ngozini na kumwangusha kwa kichefuchefu na kizunguzungu. Ya tatu, inayoniudhi kuliko zote, ni kwamba "wagonjwa hawa hawataelewa matokeo". Walielewa fomu ya ridhaa mlipotaka saini zao.

Ninachoomba, kwa heshima zote:

(a) Watafiti waliokusanya taarifa katika shule na kliniki za mikoa hii walete mrejesho kwa Kiswahili, kwa mkutano na kwa maandishi. Kama uchambuzi haujaisha, waje waseme hivyo na wataje tarehe.

(b) Waganga Wakuu waelekeze kliniki za afya ya akili ziandike hali ya uvutaji wa kila mgonjwa, zimshauri kuacha chini ya uangalizi, na zipitie upya nani bado anahitaji benzeksoli.

(c) Kliniki walau moja katika kila mkoa ianze kundi la mazoezi ya viungo na ya kufikiri kwa wagonjwa waliotulia. Familia tutatoa watu wa kusaidia. Mimi ni wa kwanza.

(d) Maafisa Elimu waruhusu shule chache zijaribu njia ya wanafunzi kuzungumza na wenzao, na watafiti watusaidie kupima kama inafanya kazi. Safari hii tukubaliane tangu mwanzo lini tutaambiwa.

(e) Maafisa afya na watendaji wa kata wapite kwenye vibanda vilivyo karibu na shule. Waanze kwa kuelimisha, faini baadaye.

(f) Vibali vya utafiti mpya shuleni na kliniki vitolewe kwa sharti kwamba tarehe ya mrejesho imeandikwa kwenye kibali, na anayeshindwa aeleze kwa nini kabla ya kupewa kingine.

Naomba jibu la maandishi kabla shule hazijafungwa mwezi wa sita. Kama mtapenda kuja badala ya kuandika, mkuu wa shule ameridhia ukumbi utumike Jumamosi yoyote kuanzia saa nne asubuhi, na wazazi pamoja na walezi wa wagonjwa wameshaarifiwa kwamba wanaweza kuitwa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa ushauri nasaha na mlezi wa mgonjwa,
Mbeya.

Nakala: Kamati ya wazazi ya shule, walezi tunaokutana kliniki, mama wa kibanda, kwa taarifa.